Posa Nisiyoituma

Mtu akiniuliza maisha ya shule ya walimu kule Masisi yalikuwaje, namwambia kwanza habari ya baridi, kisha habari ya maharage ya kila siku, na mwisho habari ya jinsi nilivyoposa binti wa watu bila mwenyewe kujua. Wengi hutaka nianze na hiyo ya mwisho. Lakini haieleweki bila ugonjwa wangu, kwa hiyo nitaanza na ugonjwa, na asiyependa habari za ugonjwa avumilie kidogo.

Mimi ni mtu wa Kibua, katika Walikale. Sisi ni watu wa msitu. Baba yangu aliwinda kwa mbwa na nyavu, mama alilima, na mimi nilikuwa wa kwanza kijijini kupelekwa kwa mapadri kusomea ualimu. Hiyo ilikuwa mwaka hamsini na nne. Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi mtoni wakiimba, kana kwamba nimekwisha kumaliza, na wanaume walikuwa wameshafyeka mahali pa kujenga darasa. Lakini hakuna aliyeutaka ualimu kuliko mimi mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifundisha migomba hesabu, na mgomba uliokosea niliuchapa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ndio ulioniharibikia. Mwaka huo tulianza kutumwa, mmoja mmoja, kufundisha watoto wa shule ya msingi ya misheni, ambao walituita Moniteur, yaani mwalimu, huku Padri Émile ameketi nyuma ya darasa akitutazama. Siku ya zamu yangu niliandika tarehe ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, nikageuka, nikaona macho ya watoto, na sauti ikakataa kutoka. Moyo ulipiga mbio. Mikono ilitoka jasho hadi chaki ikalowa. Nilisimama pale mpaka Padri akaja, akanishika bega, akanitoa nje kwa upole kama mtu aliyeungua.

Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, isipokuwa safari hii hata tarehe haikuandikika.

Baada ya hapo jambo lile halikungoja darasa tena. Lilinijia asubuhi kabla sijafungua macho, likanikalia kifuani. Chakula kilikuwa hakina ladha. Usingizi ulinipaa. Wenzangu wakicheka niliona wananicheka mimi, na wakinyamaza niliona wametoka kunisema. Kunawa uso tu kulinichosha. Na vile vilima vya Masisi, ambavyo wenyeji wake wanavisifia utadhani waliviumba wao, niliona vinanitazama. Kwetu msituni hakuna kinachokutazama kutoka mbali. Huko Masisi hata mtu akienda chooni kilima kizima kinajua.

Nilikwenda kwa Damascène, muuguzi wa misheni, mtu mwema mwenye dawa mbili. Alinipa kwinini. Niliporudi kumwambia haikusaidia, akanipa ile ya pili, mafuta ya nyonyo, kikombe kizima. Nikarudi bwenini na woga uleule, na kuharisha juu yake.

Padri Émile alikuwa Mbelgiji mrefu aliyejua Kiswahili cha vitabu na pia kile cha sokoni. Aliniita ofisini kwake.

"Floribert," alisema, "mwisho wa muhula mkaguzi anakuja kutoka Bukavu. Kila mmoja wenu atafundisha mbele yake. Ukifundisha, utakuwa mwalimu. Usipofundisha, nitakurudisha kwenu. Siwezi kuwapa watoto mwalimu asiyesema."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa na haki. Nilikuwa naiona ile nyasi waliyoifyeka Kibua ikiota tena.

Kila alasiri, wenzangu wakicheza mpira, nilikwenda nyuma ya bweni nikakaa juu ya jiwe, nikatazama magharibi. Vilima huko vinashuka, vinashuka, na mwishoni kuna mstari mweusi kidogo. Huo ni msitu wetu. Nikiutazama nilipumua vizuri. Naapa sikutazama kitu kingine chochote.

Sasa aje Léonard. Tulilala vitanda jirani. Alikuwa mtoto wa vilima vilevile, mwenye roho nzuri na mdomo usiopumzika. Alizungumza akila, alizungumza akinawa, na nadhani alizungumza hata kanisani akijifanya anasali. Aliona siku zote hizo kwamba sili, silali, siongei, na kwamba kila alasiri ninakaa peke yangu nikitazama upande mmoja. Msituni kwetu angeuliza, "Unaumwa nini?" Lakini kwa watu wa vilimani, kijana akiwa na dalili hizo hakuna anayeuliza ugonjwa. Wanauliza ni binti wa nani. Wanasema ameshikwa na mapenzi na anaona haya kusema, na rafiki wa kweli hamngoji aseme. Rafiki wa kweli anabeba pombe anakwenda kumsemea.

Jumamosi moja alinifuata kwenye jiwe langu, uso umemng'aa.

"Kaka, furahi! Bamekunywa!"

"Nani? Bamekunywa nini?"

"Kasiksi, ile pombe ya ndizi ya mujomba wangu. Nimeipeleka kwa Papa Sebarenzi, bamekunywa yote, hata ile ya chini. Kesho kisha misa banakungojea."

"Banangojea miye juu ya nini?"

"Juu ya Céline, bwana! Kila siku unaangaliaka nyumba yao, unafikiri hatuone? Hukule, hulale. Njo mapendo hiyo. Sasa imeisha, utapona."

Nikageuka nikatazama. Kweli, kati yangu na msitu, juu ya kilima cha pili, palikuwa na nyumba. Palikuwa na migomba, na shamba la maharage, na ndani ya maharage msichana anapalilia. Ndiyo mara ya kwanza kuviona. Nikavua kiatu nikamrushia Léonard, na sikujuta kwamba kilimpata.

Alipomaliza kujisugua sikio alinieleza hali ilivyo, naye taratibu akaanza kuelewa alichofanya. Pombe ya posa ikishanywewa, neno limefunguliwa. Wa kulifunga ni mposaji mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya wale walioinywa. Akikaa kimya bila kutokea, ni kama amemkagua binti yao akamwona ana kasoro, na familia hiyo haitamsahau, wala misheni iliyomlea. Na kwa upande wa misheni, sheria ilikuwa wazi: mwanafunzi anayeposa kabla ya kumaliza masomo, anafunga mizigo siku hiyohiyo. Papa Sebarenzi alisali Jumapili zote na Padri Émile alimsalimia kwa jina. Ilikuwa lazima niende, tena kabla Papa Sebarenzi hajamfikia Padri na habari njema.

Kwa maneno mengine, mimi niliyeshindwa kuwaambia watoto tarehe ya siku, nilitakiwa kusimama mbele ya ukoo mzima na kukataa binti yao kwa adabu.

Jumapili tulikwenda. Uani walikuwa wamekwisha kuketi: Papa Sebarenzi mwenyewe, ndugu zake, majirani, na mkewe Mama Adelaïde, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Katikati mtungi mwingine, na mirija yake. Nilipewa kiti kizuri kuliko vyote. Céline alikuwa pembeni, karibu na mlango wa jiko, akimenya mihogo kana kwamba mambo yale hayamhusu.

"Mwana wetu," akasema Papa Sebarenzi, "pombe yako tuliisikia. Sasa tusikie kinywa yako."

Nikasimama. Macho yote yakanijia. Moyo ukaanza mbio zake, jasho likaanza, ulimi ukakauka. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Angalia haya iko nayo!" akasema Mama Adelaïde, amefurahi kabisa. "Siku hizi vijana iko na midomo mirefu. Huyu mama yake alimulea muzuri."

Nikajaribu tena, haikutoka. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilivyozidi kunyamaza ndivyo walivyozidi kunipenda. Mzee mmoja akasema hajaona mkwe mwenye heshima kama huyu tangu zamani za baba yake. Léonard, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi," akasema Papa Sebarenzi, "heshima imetosha. Miye nitaenda sasa hivi kumuambia Padri, tukiwa na furaha."

Akasimama, akachukua fimbo yake. Nikaona ubao, watoto, Kibua, vyote vinakwenda na ile fimbo. Sauti ikatoka. Ilitoka vibaya, nyembamba, kama ya mtu aliyekabwa, lakini ilitoka.

"Papa, hapana! Munisamehe. Miye sikutuma pombe. Sina mapendo, niko na ugonjwa."

Akasimama palepale.

"Kila asubuyi kifua iko nzito," nikasema. Sikumtazama yeyote, nilitazama mtungi. "Nikisimama mbele ya batoto, sauti inapotea na moyo inakimbia. Sikule juu chakula haina ladha. Silale. Naogopa, na sijuwe naogopa nini. Pale kwa jiwe nakaa juu ya kuangalia kwetu, Walikale. Ile tu njo inanipumuzisha. Siangalie nyumba yenu. Hata sikujua kama kuko nyumba."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu maneno yale, hata Damascène nilimwambia tu kichwa kinauma. Niliona wepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Papa Sebarenzi ndiye aliyesema kwanza, na alikuwa amekasirika kweli.

"Haukuiona nyumba yangu? Na nimeweka nyasi mupya!"

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni Céline, maana kisu kilimwanguka. Halafu Mama Adelaïde, halafu uwanja wote, hata yule mzee wa heshima. Nilicheka na mimi. Ilikuwa imepita miezi bila mimi kucheka.

Mama Adelaïde alipofuta machozi alikuwa hacheki tena. Alisogeza kigoda chake karibu nami.

"Hiyo ugonjwa naijua," alisema. "Kisha kumuzala huyu Céline, sikuweza hata kumushika. Nilikuwa nalia bule, asubuyi mpaka mangaribi. Bamoja banasema ni bulozi, bengine banasema ni uvivu. Njo dada yangu Joséphine-Marie akakuya kukaa na miye. Hakuniuliza nalia nini. Kila asubuyi ananiuliza tu: 'Leo iko wapi?' Namuonyesha: leo iko kwa kichwa, leo iko kwa tumbo. Ananiambia: 'Kama iko kwa tumbo, mikono iko muzima. Kamata jembe, twende.'"

"Na iliisha, Mama?"

"Iliendaka, inarudiaka. Lakini maharage ililimwa. Na mutoto njo huyu, anatucheka."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi yote niliamini kwamba mimi peke yangu, tangu Mungu aumbe kichwa cha mtu, ndiye niliyepewa kibovu.

Ilibaki habari ya pombe. Wazee walisema imenywewa na haiwezi kurudi mtungini, na ni lazima iwe ya mtu. Hapo Céline akainuka na bakuli lake la mihogo.

"Papa, huyu hata jina yangu haijui. Ule mwenye alileta pombe anaijua. Kila siku ya soko anapita hapa kutuuliza njia ya kwenda misheni, na misheni anaiona."

Watu wote wakamgeukia Léonard. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Jasho lilimshuka. Mimi, rafiki wa kweli, nilisimama nikamsemea: nikasema kwamba kweli anampenda, ila anaona haya, naye kwa kuogopa kuposa kwa jina lake aliposa kwa langu. Léonard alikubali kwa kichwa. Papa Sebarenzi alisema neno hilo atalisikia siku kijana atakapokuwa amemaliza shule, na kabla ya hapo asionekane akiuliza njia. Padri hakuwa na haja ya kuambiwa kitu.

Tangu kesho yake Léonard alifanya kama alivyosikia. Kengele ikilia aliketi kitandani na kuniuliza, "Leo iko wapi?" Siku nyingine nilimwambia ipo mabegani, siku nyingine kooni, siku nyingine ipo kila mahali na aniache. Siku hizo mbaya hakuniacha. Alinivuta blanketi, akanishika mkono hadi kisimani, akinisimulia habari za Céline mpaka nikanawa uso ili tu anyamaze. Chakula kilianza kurudi na ladha, ingawa maharage ni maharage. Nilianza kumfundishia Léonard masomo nyuma ya bweni, yeye akiwa mtoto mtundu, na nikiona woga unapanda, nilisema kwa sauti ulipofika. Nilipousema ulikuwa mdogo kidogo kuliko nilipoumeza. Haukuondoka. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda nimalizie kwamba uliondoka.

Mkaguzi alikuja mwisho wa muhula, Mbelgiji mgeni, kijana, aliyechomwa na jua shingoni, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuomba maji. Alikaa nyuma na Padri Émile. Zamu yangu ilikuwa somo la mita. Nilikuwa nimekata kamba za mita moja, kila watoto wawili kamba yao, wapime madawati, wapime dirisha, wapimane wenyewe.

Niliandika tarehe, nikageuka. Macho yote yale. Mkaguzi ameshika kalamu, Padri ameshika ndevu. Na woga ukaja, moja kwa moja, kama mgeni anayejua mlango. Ulimi ukakauka. Nikajua kwamba nikiumeza nitasimama pale mpaka nishikwe bega tena.

"Batoto," nikasema. "Moniteur wenu iko na woga. Iko hapa, kwa kifua. Mungoje kidogo, inapita."

Hawakucheka. Msichana mmoja wa mbele, Athanasie, akasema, "Tunangoja, Moniteur," akakunja mikono. Wengine wakakunja mikono. Darasa zima likaningoja, watoto wale ambao kwa kawaida hawangoji hata amina. Nilisikia kimya chao. Nilikuwa nimezoea kimya kinachonisukuma, na hiki kilinishika. Nikavuta pumzi, nikatoa. Nikavuta tena.

"Basi," nikasema. "Nani anaweza kuniambia dirisha hii na mulango hii, gani iko murefu?"

Mikono ikapanda yote. Sikumbuki tena nilichosema baada ya hapo. Nakumbuka kamba zimejaa darasani, watoto wamelala chini wakipima miguu ya Padri, na Padri amekubali. Nakumbuka kwamba kengele ilipolia niliona imewahi.

Jioni Padri Émile aliniita. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa, kwa sababu yeye alikuwa amesikia kila neno.

"Mkaguzi amekusifu," alisema. "Anasema hajaona mahali popote mwalimu akiomba utulivu na kuupata kama ulivyoupata. Ameniuliza ulitumia maneno gani."

"Na wewe, Padri, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwamba uliwaomba watoto wangoje. Si kweli?"

"Ni kweli, Padri."

Akawasha kiko chake, akachukua muda mrefu kuliko kiko kinavyotaka.

"Utakwenda Kibua," alisema. "Walishaniambia wamefyeka tena. Lakini niambie ukweli, Floribert, usiseme la kunipendeza. Ule woga umekwisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Cheti kilikuwa karibu, na hilo ndilo jibu ambalo mtu yeyote angelitaka. Lakini nilikuwa nimechoka kuwadanganya watu, na yeye alikuwa mtu wa kuambiwa kweli.

"Hapana, Padri. Iko. Nafikiri nitaenda nayo Kibua."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya mbao na misumari.

"Nyumba ya mwalimu itakuwa na vyumba viwili," alisema. "Mtatosha."